Nitoe laki tisa kwa koti la "teknolojia" au nimpe fundi ashone?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 27, naishi Tabata, kazini kwangu ni Posta, naenda na kurudi na bodaboda. Nafuatilia sana hizi nguo za kiume za madizaina zinazoitwa za kesho, makoti meusi yenye zipu na mikanda kila mahali, kitambaa hakiingizi maji lakini wanasema kinapumua, mengine yanabadilika rangi, mengine yanachaji simu. Kuna jamaa ana moja orijino alilitoa Ulaya, limetumika kidogo, anataka laki tisa. Kariakoo kuna linalofanana nalo kabisa kwa elfu themanini. Fundi wangu wa mtaani anasema nimpelekee kitambaa atanishonea lilelile. Mchumba wangu anasema nitaonekana kama naigiza sinema, na mtu mwingine kaniambia vitambaa hivyo vina kemikali ya kansa. Hii kweli ndio fasheni inakoelekea au nitatupa hela?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na mvua. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela maana wengi wananiletea koti likiwa limeshalipiwa na limeshaanza kubanduka, na hapo nabaki kuwapa pole tu.

Nikilisoma swali lako vizuri naona bei sio ishu kubwa. Unaogopa vitu viwili, kuvaa kitu cha kesho watu wa leo wakakushangaa, na kulipia ufundi ambao kwa hali ya hewa yetu haufanyi kazi. Hofu zote mbili zina msingi na zote zinajibiwa na kitambaa na mkato. Mikanda na vifungo vya plastiki havijibu chochote.

Hapo kwenye mikanda ndipo wengi wanapopotea. Watu wamekuwa wakichora mwanaume wa kesho muda mrefu sana, dizaina wa Ufaransa Pierre Cardin alitoa mavazi yake ya Cosmocorps mwaka 1964, wakati dunia nzima inaota kwenda mwezini, majaketi ya zipu, hayana kola, yamebana mwili. Ile sura ya mtu wa anga za juu hakuna anayeivaa leo kwenda kazini. Lakini jaketi la zipu lisilo na kola unalo wewe na ninalo mimi na hatulishangai. Sura ilipita ila kilichorahisisha maisha kikabaki. Ndio maana ukitaka kujua nguo gani ya kesho itafika kesho usiulize inaonekanaje, uliza inafanya nini.

Waliolielewa hili mapema ni watu wa vitambaa. Massimo Osti, Mtaliano wa Bologna, mwaka 1982 alianzisha kampuni ya nguo ya Stone Island baada ya kuvutiwa na turubai la malori, zito, lina rangi tofauti kila upande, akaliosha na mawe mpaka likalainika likavalika. Turubai la lori, fikiria! Kitu hichohicho kinachofunika mizigo pale Ubungo. Halafu akaja Errolson Hugh wa Kanada na mwenzake Michaela Sachenbacher, wakaanzisha kampuni yao ya nguo, Acronym, Ujerumani mwaka 1994, na hayo makoti meusi unayoyaona kwenye simu yako karibu yote yanaiga kazi yao. Ila wao kila mfuko na kila zipu ilikuwa na sababu, mkono unainama wapi, begi linapita wapi, simu inatoka vipi bila kuvua koti. Wanaoiga wanachukua zipu na kuacha sababu.

Sasa tuje kwenye kupumua, hapa naomba utulie kidogo maana hela yako yote iko hapa.

Ndani ya hayo makoti kuna utando mwembamba sana uliogandishwa kati ya kitambaa cha nje na cha ndani. Uliotangulia kujulikana ni Gore-Tex. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alikuwa anahangaika na PTFE, ile plastiki ya kikaango kisichoshika, ndio hiyohiyo ya tepu nyeupe ambayo fundi bomba anazungushia kwenye nati. Alikuwa anaivuta taratibu inakatika, akaivuta kwa nguvu ghafla, ikarefuka bila kukatika na ndani yake ikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa tone la maji kupita lakini ni vikubwa kwa mvuke wa jasho. Kwa hiyo mvua inabaki nje na jasho linatoka. Hadi hapo hawajakudanganya.

Wasichokwambia ni kwamba mvuke hautoki kwa sababu tu kuna tundu, unatoka kwa sababu ndani umejaa na nje kuna nafasi. Ni sawa na daladala, mlango unaweza kuwa wazi kabisa lakini kama ndani watu wameshabanana hadi mlangoni utaingia wapi. Ngozi yako ikiwa na jasho, nyuzi 35 hivi, msukumo wa mvuke pale ni kama 56 kwa kipimo cha hektopaskali. Nje kule Berlin siku ya mvua ya nyuzi 5 ni kama 7, tofauti yake 49, jasho linasukumwa nje vizuri tu. Dar jioni ya masika nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, hewa ya nje yenyewe ina kama 32, tofauti inabaki 24. Koti ni lilelile, utando uleule, lakini kinachousukuma mvuke kimepungua nusu, na wewe unatoka jasho kuliko yule wa Berlin. Matokeo yake unafika Posta mvua haijakugusa na shati limelowa kwa ndani. Sio kwamba umeuziwa feki. Umeuziwa kitu kilichotengenezewa hewa nyingine.

Afu kuna dawa ya juu ya kitambaa inayofanya maji yaviringike yadondoke kama kwenye jani la gimbi. Ile dawa inaisha, kwa uchafu, mafuta ya mwili, vumbi la barabarani. Ikiisha kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinafunikwa na maji, na mvuke unakosa pa kutokea hata ungekuwa Berlin. Kulifua vizuri na kulipasha joto kidogo kama lebo inaruhusu kunairudisha kwa kiasi, ikigoma kuna dawa za kupulizia.

Kwa hiyo kwa hali yetu kinachofanya kazi kuliko utando wa aina yoyote ni tundu la kweli. Zipu chini ya kwapa, mgongo wenye kipande kinachofunika upenyo wa hewa, pindo lisilobana. Ukiwa kwenye boda upepo unaingia kwapani unatokea mgongoni, unakauka ukiwa unatembea. Nikipewa koti la laki tisa lisilo na zipu za kwapa na la laki moja lenye nazo, kwa safari ya Tabata hadi Posta nachagua la laki moja.

Kuhusu hilo la huyo jamaa, kabla ya bei uliza lina miaka mingapi. Mengi ya makoti haya ndani yana tabaka la poliyurethani, na hiyo kitu adui yake ni joto na unyevu, maji ya hewani yanaivunja taratibu hata kama huivai. Umeshawahi kutoa kabatini raba ulizozitunza miaka mitatu, ukavaa siku moja soli ikamomonyoka kama mkate mkavu? Ni ugonjwa huohuo. Mwaka jana mteja alinikabidhi jaketi zuri sana la Kiitaliano, nje linang'aa kama jipya, nikaligeuza ndani bitana ikaninata vidoleni, nikakwaruza na ukucha likatoka gome jeupe jembamba kama ngozi ya kitunguu. Alilinunua mtumba, lilishakaa miaka mingi kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna fundi wa kulitibu hilo, mimi au mwingine, tabaka likishavunjika limevunjika.

Ukienda kulitazama fanya hivi. Ligeuze ndani nje, angalia ile tepu iliyobandikwa juu ya mishono, ikiwa imenyanyuka pembeni au imekunjamana limeanza kuisha. Pitisha kiganja kwapani na shingoni ndipo jasho linapokula, pakinata liache. Linuse, harufu ya siki au ya chumba kilichofungwa ni dalili mbaya. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize, kama pumzi inapita kirahisi basi hakuna utando mzima hapo, unalipia jina tu. Mwisho dondosha maji begani usubiri dakika tano uangalie ndani.

Na la Kariakoo la elfu themanini? Mara nyingi ni nailoni au poliesta iliyopakwa rangi ya kuzuia maji upande wa ndani, haina utando wa vitundu, ni sawa na kuvaa mfuko mzuri. Silidharau lakini, kama zipu zake zinateleza vizuri na mshono umenyooka, fundi anaweza kulifungua kwapa akaweka zipu mbili au wavu, na ukawa na koti linalovalika kuliko la laki tisa.

Yanayobadilika rangi na kuchaji simu nitayapitia haraka. Rangi inayobadilika Stone Island waliifanya tangu miaka ya 1980, ni chembechembe zinazogeuka zikikutana na baridi, na sisi baridi yenyewe hatuna, kwa hiyo litakaa na rangi moja mwaka mzima na jua letu litaziua zile chembe mapema. Kuchaji simu, Tommy Hilfiger walitoa mwaka 2014 koti lenye vipande vya sola mgongoni, wazo zuri, ila hapa jua likiwa kali kiasi cha kuchaji simu hakuna mwenye hamu ya kuvaa koti. Lakini funzo kubwa kwangu ni lile la Levi's na Google, jaketi la jinzi la mwaka 2017 lenye nyuzi za umeme kwenye sijafu ya mkono, unagusa mkono muziki unabadilika. Liliuzwa dola 350, walisema lisifuliwe zaidi ya mara kumi, na mwaka 2023 programu yake ikafungwa. Jaketi la jinzi baba anamrithisha mtoto, lile lilikufa na programu. Nguo yenye betri au programu mimi kwa sasa simshauri kijana anayejitafuta, subiri.

Kemikali sasa. Huyo aliyekwambia hajatunga, ila amechanganya. Kuna kundi linaitwa PFAS, zilitumika sana kwenye utando na kwenye ile dawa ya kuteleza maji, na haziozi, zinakaa kwenye maji na udongo miaka na miaka. Mojawapo, PFOA, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka mwaka 2023 kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. California imepiga marufuku nguo nyingi zenye PFAS tangu Januari 2025, Ufaransa nayo ikapitisha sheria yake, na kampuni ya Gore, wenye Gore-Tex, walianza kuhamia utando wa aina nyingine mwaka 2022. Lakini njia kuu zinazoingia mwilini ni maji na chakula, kulivaa koti mgongoni ni njia ndogo sana. Tatizo zito liko kwa wanaoishi jirani na viwanda na mahali nguo hizi zinapotupwa, na wanaotupiwa mitumba iliyochoka tunajijua. Kwa hiyo ukinunua jipya tafuta lebo iliyoandikwa halina PFAS au PFC, ukinunua la zamani usiogope kulivaa ila usilichome moto likiisha.

Ungeniuliza mwelekeo upi wa kesho unatufaa kweli watu wa pwani, ningekujibu bila kusita, mikunjo. Issey Miyake wa Japani alifanya nguo za mikunjo midogomidogo na mwaka 2013 ikaja ya wanaume, Homme Plissé. Wanashona nguo kwanza ikiwa kubwa mara mbili au tatu ya saizi yako, halafu inawekwa kati ya karatasi inaingia kwenye mashine ya moto inabanwa. Poliesta ikipashwa inalainika, ikipoa inakumbuka umbo lile. Ndio maana haihitaji pasi, unaifua usiku asubuhi imekauka, na kubwa zaidi haigusi mwili mwote, inagusa kwenye ncha za mikunjo tu, katikati hewa inapita. Mimi nimeivaa Dar mwezi wa pili, najua ninachosema. Orijino ni ghali ila suruali za namna hiyo zisizo na jina kubwa zimejaa. Usikubali kushonewa kwa kitambaa cha mikunjo cha kukata kwa mita ukitegemea matokeo yaleyale, mshono ukipita juu ya mikunjo unaifungua na pindo linatanuka kama kengele. Na mwambie dobi mapema! Mteja wangu mmoja alipeleka suruali yake, dobi wa watu kwa nia njema akaona imejikunja, akaipiga pasi ya moto na maji mpaka ikanyooka kama karatasi. Ule moto uliotengeneza mikunjo ndio huohuo unaoifuta.

Fundi wako wa mtaani usimdharau hata kidogo, ila muulize swali sahihi. Hawezi kukushonea koti lisiloingiza maji kabisa kwa sababu kila sindano inapotoboa maji yatapita, kiwandani wanaziba mishono kwa tepu na mashine ya hewa moto ambayo yeye hana. Anachoweza ni koti la manyunyu na upepo, tena zuri. Akate bega bila mshono wa juu maana hapo ndipo mvua inapotua, atumie sindano nyembamba namba 11 na uzi wa poliesta, asibane kitambaa na pini kwa sababu tundu la pini kwenye nailoni haliponi, abane na vibanio vya kuanikia nguo.

Na mwambie akuwekee kikwapa. Hapa roho yangu ndipo ilipo. Watu wanashangaa makoti ya Acronym mtu ananyanyua mikono juu na pindo halipandi, wanadhani ni uchawi wa Ujerumani. Angalia kanzu ya mzee yeyote aliyeshonewa na fundi wa kweli, Zanzibar au Lamu, chini ya mkono kuna kipande kidogo kimepachikwa, hicho ndicho kikwapa, na ubavuni kuna taharizi zinazoongeza upana, kwa hiyo mzee anainama, anarukuu, anasujudu, anafikia kitu juu ya kabati na kanzu haimvuti popote. Hesabu ni hiyohiyo. Mafundi wa pwani walikuwa nayo zamani sana na vijana wetu wanaipoteza kwa kuiga mkato wa jaketi la kubana. Ukipata fundi anayejua kikwapa, umepata dizaina.

Kuhusu mchumba wako, ana hoja. Ukivaa vyote kwa pamoja, koti, suruali ya mikanda, buti, barakoa, unakuwa umevaa sare ya sinema. Vaa kimoja, vingine viwe vya kawaida, jinzi iliyonyooka na shati jeupe vinatosha. Lakini mimi nina sababu nzito kuliko ya kupendeza. Wewe unapanda bodaboda. Mikanda inayoning'inia ikate yote, au ishonewe chini, kabla hujalivaa koti hilo hata siku moja. Tunajua wote khanga na mabaibui yalivyowahi kuingia kwenye tairi la nyuma na yaliyofuata, mkanda wa nailoni hauchaniki kama khanga, unavuta mtu.

Na rangi nyeusi tupu usiku kwenye barabara ya Mandela hauonekani. Omba fundi akushonee kipande cha kile kitambaa cha kung'aa cha fulana za matrafiki, mgongoni na kwenye mikono. Kina vipunje vya kioo vya duara vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo dereva wa lori anayekumulika ndiye anayekuona. Mchana ni kijivu cha kawaida tu, usiku kinawaka. Osti na wenzake walikigeuza fasheni zamani. Usikipige pasi na kifue taratibu, vipunje vinatoka.

Kuna mambo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Ukivaa nguo hizi ukaanza kuwashwa au kutoka vipele kwapani, shingoni au ndani ya mapaja, acha kuivaa na umuone daktari wa ngozi, nenda nayo hiyo nguo, kuna rangi za poliesta zinazosumbua baadhi ya watu na akipaka dawa bila kujua chanzo utarudi kila mwezi. Na vipimo usitume kwa simu, nenda kwa fundi mwenyewe, upimwe umekaa kama upo kwenye boda, mikono mbele, maana urefu wa mkono ukiwa umesimama na ukiwa umekaa hivyo unatofautiana vidole vitatu au vinne.

Hesabu yangu kwako ni hii, koti la fundi la nailoni nyepesi lenye kikwapa, zipu za kwapa na kitambaa cha kung'aa, pamoja na suruali moja ya mikunjo, ukinunua kwa utulivu haifiki hata nusu ya hiyo laki tisa. Kama moyo bado uko kwa orijino la jamaa, sawa, sio dhambi, kitu kizuri ni kizuri. Mwambie tu uvae robo saa, upande nalo ngazi ghorofa tatu bila kufungua zipu, halafu ulivue ulishike ndani. Akikukatalia kulijaribu hivyo, muachie koti lake.